Bi Napita na Msalaba wa Lamasoa

Miaka yote niliyomfahamu Dosinda, sikumwona amekaa kitako hata siku moja. Kanisani alisimama nyuma, karibu na chombo cha maji ya baraka. Harusini alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo ukutani. Ukimwambia, "Karibu kiti, Bi Dosinda," alikujibu, "Napita tu," na kabla hujasogeza hicho kiti alikuwa keshapita. Lamasoa ni kijiji cha nyumba ishirini na mbili na midomo isiyopungua mia, kwa hiyo jina halikuchelewa. Wakamwita Bi Napita.

Mama yangu, Hermitas, naye walimbandika lake: Padri wa Mikate. Mimi hilo jina liliniondolea meno mawili nikiwa na miaka kumi na minne, maana mtoto wa mwenye duka alinitania nalo mbele ya wasichana, na mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Yeye alitoka na mkono umeteguka, kwa hiyo sikudai. Majina haya mawili, la Dosinda na la mama yangu, yalizaliwa siku moja. Nitaeleza.

Ilikuwa Februari, vita vikiwa mwaka wa pili. Xenaro, mume wa Dosinda, alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku tano kutoka jeshini. Dosinda akashikwa na uchungu kabla ya wakati, na mkunga alikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefunika daraja. Wakamwita mama, jirani wa karibu kuliko wote. Mama siku hiyo alikuwa anaoka. Alikwenda mbio na unga mikononi hadi viwikoni.

Mtoto alitoka wa kike, wa bluu, pumzi moja hapa na nyingine baadaye. Kwetu kila mwanamke anajua la kufanya hapo: unamwagia maji ya dharura, unasema maneno ya ubatizo, na mtoto akifa amekufa Mkristo. Mama aliyajua maneno hayo tangu utotoni. Alichukua bakuli, akamwaga maji, akapiga alama ya msalaba kwa ubavu wa kiganja, vilevile alivyoipiga asubuhi ile juu ya donge la mahindi, na mdomo ukafuata mkono. Akasema, "Mtakatifu akukuze, mtakatifu akuumue, Mungu akuzidishe uwatoshe wa nyumbani na wa njiani." Ndiyo maneno ya mkate. Kila mwanamke wa bonde letu huyasema kabla ya kufunga mlango wa tanuri.

Saa haikuisha, mtoto akafa. Padri wa wakati ule, Fortunato, alikuwa mzee mkali aliyependa kuuliza. Akamuuliza mama, "Ulisema nini? Neno kwa neno." Jamani, si angedanganya tu? Nani angejua? Lakini mama yangu hajapata kumdanganya padri, hata kuhusu nyama ya Ijumaa. Akamwambia neno kwa neno. Padri akasema, "Umebariki mkate, Hermitas. Hukubatiza mtu." Makaburi ya kanisa yakafungwa kwa mtoto yule hapo hapo.

Waliofungiwa makaburi walikuwa na pahali pao. Pale njia panda, chini ya kijiji, ulisimama msalaba wa mawe wa zamani za kale, mzee kuliko kanisa lenyewe. Upande mmoja amechongwa Mwana wa Mungu akiwa msalabani, upande wa pili Mama yake amempakata, wote wawili pua zimelika kwa mvua. Jeneza lolote likielekea kanisani hutuliwa pale kwanza, padri akasali, ndipo safari ikaendelea. Na watoto ambao maji hayakuwawahi huzikwa chini yake, upande wa Mama, bila padri, bila jina, bila mtu kusema kitu. Xenaro alimfunga binti yake kwenye aproni, akampeleka alfajiri, ukungu umetanda. Kesho yake ruhusa yake ikaisha. Mwezi wa saba akafia vitani, kwenye mto Ebro.

Dosinda hakumwona mtoto. Siku tisa aliungua kwa homa, na wanawake walisema mzazi mwenye homa hasogezewi mtoto aliyekufa, maziwa yatampanda kichwani. Siku ya kumi aliamka, akakuta tumbo tupu, kitanda kitupu na mume keshaondoka. Akateremka mpaka msalabani akishikilia kuta. Nadhani tangu siku hiyo hajakaa.

Miaka thelathini na moja. Kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe alikwenda pale, akauzunguka msalaba, akasimama upande wa Mama, akazunguka tena. Hakujua mtoto yuko wapi hasa, kulia au kushoto, karibu na ngazi au mbali, na mtu aliyejua alikuwa amezikwa Ebro. Kwa hiyo alizunguka. Na mama yangu, ili asikutane naye, alikwenda kisimani kwa njia ndefu ya juu, robo saa zaidi, na ndoo kichwani. Mikate aliendelea kuoka, tungekula nini? Lakini alioka kimya. Hayo maneno hakuyatamka tena, na mikate iliumuka tu kama ya wenzake.

Mimi nikakua, nikawa mwashi wa mawe. Mwaka wa sitini na tisa serikali ikaamua kupanua njia zetu za mashamba ili trekta zipite. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu akaja injinia na karatasi zake, akauangalia msalaba, akaangalia karatasi, akasema unakaa katikati ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alisema utunzwe, upelekwe kwenye ua wa kanisa, penye makaburi, na fundi ni mimi. "Jumamosi msalaba uwe umeshaondolewa," akaniambia, "tingatinga linafika hapa Jumatatu." Tayari tulikuwa tunalisikia. Lilikuwa katika bonde la chini, likinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na kila siku mngurumo ulikuwa karibu zaidi. Ng'ombe walipunguza maziwa. Mimi mwenyewe nilipiga patasi vibaya nikaharibu jiwe zuri la mlango.

Alasiri hiyo hiyo Dosinda akaingia kwenye kiwanja changu cha kazi.

"Delmiro, nasikia umekubali."

"Nimekubali kazi, Bi Dosinda. Nisipoufungua mimi, wataufungua wale kwa mnyororo, na utakuwa kokoto. Karibu ndani, mvua hiyo."

"Napita tu." Lakini hakupita. Alianza kuzunguka kati ya mawe yangu, akigusa hili, akigusa lile. "Msalaba upeleke unakotaka. Upeleke Roma. Mimi namtaka mtoto wangu."

Nikasimamisha nyundo. Katika miaka yangu yote pale hakuna mtu aliyewahi kulitaja jambo hilo kwa sauti.

"Sitaki lile dude limpite juu," akasema. "Unasikia? Kila mwenye trekta, kila mwenye gari la ng'ombe, kila siku ya Mungu, juu yake. Sitaki."

"Unajua alipo?"

"Upande wa Mama. Wote wako upande wa Mama."

"Upande wa Mama ni hatua tano kwa tatu, Bi Dosinda. Nina siku moja."

"Basi chimba haraka," akasema. "Wewe si unajigamba kuwa fundi kuliko baba yako?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, na neno nilikuwa nalo tayari. Lakini nilimtazama akizunguka lile rundo la mawe kwa mara ya tatu, viatu vyake vya mbao vikigonga, nikaona aibu. Mdomo uliomfikisha pale ulikuwa wa nyumbani kwetu. Nikamwambia nitajaribu.

Ijumaa nikaenda kwa padri. Fortunato alikwisha kufa zamani. Huyu mpya, Eladio, alikuwa kijana, mwenye pikipiki na sigara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wasiobatizwa kuingia kwenye ua wa kanisa, hilo lazima nimwandikie askofu," akasema.

"Na jibu litakuja lini?"

"Baada ya Pasaka. Labda."

"Tingatinga linakuja Jumatatu, Padri."

Akaitazama sigara yake. "Huo msingi mpya wa msalaba utauchimba kina gani?"

"Mita moja."

"Ndani unajaza nini?"

"Mawe na udongo."

"Udongo wa wapi?"

Mimi kwa mawe ni mwepesi, kwa maneno ya mapadri ni mzito. Ilinichukua muda. Kisha nikasema, "Udongo wa kule kule unakotoka, Padri. Jiwe la zamani halipendi udongo mgeni."

"Sawa," akasema. "Fundi ni wewe. Mimi nimesomea mambo mengine." Akapiga pikipiki yake teke, akaondoka kwenda kusalisha kijiji kingine, na sikumwona tena hadi Jumapili.

Jioni nikamweleza mama tukinywa supu ya kabichi. Alikuwa na miaka sabini na minne, magoti yameisha, macho bado makali. Aliacha kijiko.

"Mnachimba upande gani?"

"Wa Mama. Upande gani mwingine?"

Aliinuka, akapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa, akafunga dirisha lililokuwa limefungwa.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu. Kula."

"Mama, ukiwa na kitu sema. Mimi kesho nina kazi ya kuvunja mgongo, sina nafasi ya vitendawili."

"Nimekwambia kula."

Nikakasirika, nikala. Nilimsikia akitembea chumbani kwake mpaka nikapitiwa na usingizi.

Jumamosi kulikuwa na upepo wa kutoka baharini, wa kubeba mvua. Tulikuwa wanaume watano. Tulisimamisha nguzo tatu, tukafunga kapi, nikaikata risasi, madini laini yaliyomiminwa kushika shina la msalaba kwenye jiwe la chini, risasi waliyoyeyusha watu ambao sijui hata walivaa nini. Kichwa kikashuka kwanza, kisha shina, kisha ngazi moja moja. Tuliwalaza Mwana na Mama juu ya nyasi kavu kwenye gari la ng'ombe. Dosinda alikuwepo tangu hatujafika. Alitembea hadi kona ya juu, akarudi, akatembea hadi kijito, akarudi. Mmoja wetu akamtania kidogo, "Bi Napita, utachimba mtaro kwa hizo nyayo, tutakosa kazi." Hakumsikia.

Nikaanza kuchimba upande wa Mama. Udongo wetu pale ni changarawe ya manjano, jiwe lililooza. Kwa kina cha goti nikaona weusi. Doa jeusi la udongo laini, na juu yake kigae cha jiwe la paa. Nikaita. Dosinda akaja mbio. Kisha nikaona doa la pili, limegusana na la kwanza. La tatu. La nne likiwa juu ya la tano. Nikaacha kuhesabu. Mifupa hakuna, udongo wetu hula mfupa wa mtu mzima, sembuse wa mtoto wa saa moja, ukaacha weusi tu. Wenzangu wanne walivua kofia. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na nilielewa kwamba kila nyumba ya Lamasoa ilikuwa na mtu wake humo.

"Yupi wangu?" Dosinda akauliza.

Nikapiga magoti, nikafuta udongo juu ya kigae kwa kidole.

"Delmiro, nakuuliza. Yupi wangu?"

"Hayupo hapo."

Tuligeuka. Mama yangu alikuwa amesimama njia panda, na fimbo yake, shali imemfunika kichwa, anahema. Alikuwa amekuja kwa njia fupi. Mimi ndiye mwanawe na sikuwahi kumwona kwenye njia ile.

"Hayupo hapo, Dosinda," akasema tena. "Xenaro alipita kwangu akitoka kumzika. Aliniambia upande wa Mama pamejaa. Kila alipochomeka jembe alikuta mtu. Akamweka upande wa Mwana, mkono wa kuume, karibu na ngazi. Akaniambia nikwambie ukipona."

Dosinda alisimama tuli. Aproni yake ilikuwa inapepea, lakini yeye hakutikisika.

"Umejua miaka thelathini na moja."

"Nimejua."

"Ukaniacha kila siku nawaombea watoto wa watu."

"Ningekujaje?" Mama yangu alikuwa analia bila kujifuta. "Ningebisha hodi nikwambie nini? Huu mdomo ndio uliomnyima kaburi. Ningekuja na mdomo huu huu nikwambie alipo? Niliogopa, Dosinda. Mwaka wa kwanza niliogopa, na wa pili niliogopa kwamba sikusema wa kwanza. Ikawa hivyo."

Nilimwonea mama yangu aibu na huruma kwa pamoja, nikalaza sururu chini. Nilifikiri Dosinda atampiga. Nadhani hata mama alifikiri hivyo, maana hakujikinga.

Dosinda akamkaribia hatua mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya kukaripia, "Njoo upande huu, Hermitas. Hapo pana upepo, utaanguka, na huyu mwanao ana kazi." Akamshika mkono juu ya kiwiko, akamsogeza nyuma ya gari la ng'ombe. Halafu akamwachia, akaanza tena kutembea.

Upande wa Mwana sikutumia sururu. Nilitumia mwiko, kisha mikono. Kigae kilikuwepo, kimoja, kimekatwa pembe vizuri. Xenaro aliwahi kuezeka mapaa. Chini yake kulikuwa na doa moja peke yake katikati ya manjano, mipaka yake safi. Nikalitoa kwa viganja, fungu kwa fungu, nikaliweka kwenye kikapu tulichotandika shuka la mama. Udongo wa wale wengine tuliutia kwenye vikapu vinne, wanaume wenzangu wakavibeba wenyewe, hawakukubali kuvipakia kwenye gari.

Dosinda alirudi kutoka kona ya juu nilipokuwa nakunja shuka.

"Umemwona?"

"Hakuna mfupa, Bi Dosinda. Udongo wetu, unajua."

"Najua udongo wetu. Wake ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Na pembeni?"

"Manjano tupu."

"Basi ndiye," akasema.

Tulipanda kanisani. Shimo nilikuwa nimelichimba Ijumaa. Tulimimina vile vikapu vinne, na kile cha tano mama yangu alikishika sikio moja na Dosinda la pili, wakakiinamisha wote wawili, na hakuna aliyesema sala, maana hakuna aliyejua sala gani inafaa. Nikaweka mawe, nikapanga ngazi, tukasimamisha shina, nikayeyusha risasi mpya. Jioni ilipoingia msalaba ulikuwa wima, na chini kule bondeni tingatinga lilikuwa limezimwa kwa ajili ya Jumapili. Masikio yangu yaliendelea kulisikia.

Wenzangu walienda kunywa divai. Nilikuwa naosha mwiko Dosinda aliponijia. Nilidhani anataka kushukuru, na mimi mambo ya kushukuriwa siyawezi, nikajifanya nina shughuli.

"Delmiro. Lile doa."

"Ndiyo."

"Lilikuwa na urefu gani?"

Nikaweka mwiko chini. Nilifikiri, nikafumba macho ili nisikosee, nikafungua mikono yangu mbele ya kifua, kiganja kikitazama kiganja. Nikapunguza kidogo. "Hivi," nikamwambia. "Hivi hasa."

Akaitazama ile nafasi kati ya mikono yangu.

"Kumbe alikuwa mrefu," akasema.

"Alikuwa mrefu," mama yangu akasema nyuma yetu. "Miguu ya Xenaro. Na nywele alikuwa nazo, nyeusi, zimelala kwenye paji la uso."

Dosinda alileta mikono yake miwili kwa ndani ya yangu, taratibu, mpaka migongo ya mikono yake ikagusa viganja vyangu, akachukua kipimo. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mikono ikiwa imebaki vile vile, akageuka, akaanza kuteremka kwenda nyumbani. Alikwenda polepole, akiangalia anapokanyaga, viwiko vimebana mbavu, asipoteze hata inchi moja ya urefu ule. Watu walikuwa wanarudisha ng'ombe. Waliwasukuma ng'ombe ukutani kumpisha, na hakuna aliyemwita jina. Mama yangu, na magoti yake yale, alimpita njiani akienda haraka kuliko nilivyowahi kumwona, ili awahi kumfungulia mlango.